Kinshasa hadi Brussels ni Saa Ngapi?

Swali hili si langu. Ni la kijana mmoja wa miaka kumi na minne katika kikundi chetu cha Jumamosi. Mjomba wake anaishi Ubelgiji, na juma lile alikuwa ameenda msibani Kinshasa. Akampigia simu dada yake huku kambini: jana nimelala Brussels, leo nakula pondu. Pondu ndiyo sombe yetu, watu wa Kinshasa wanaiita hivyo. Basi kijana akaja kwenye kikundi na swali lake: kutoka Kinshasa hadi Brussels ni saa ngapi?

Mwenzake mwenye simu akatafuta, akasoma kwa sauti: "Saa nane."

Kuna mzee mmoja ambaye hupenda kuja kukaa kwenye kivuli cha jengo letu wakati tunafundisha. Kwa kawaida hasemi kitu. Siku hiyo alisema. "Saa nane ya mchana au ya usiku?"

Tulicheka mpaka wengine wakatoka machozi. Mzee akangoja tunyamaze, kisha akaongeza, "Nauliza tu. Kwa sababu sijui hao wameanza kuhesabu lini."

Kicheko kiliisha, lile swali la pili likabaki kwangu. Nikaanza kusoma nilichoweza, usiku kwenye simu wakati kuna chaji, na mchana katika vitabu vya maktaba yetu. Kumbe historia ya safari hiyo moja, Brussels na Kinshasa, ni historia ya nchi yetu pia.

Umbali wenyewe haubishaniwi. Ukinyoosha uzi juu ya tufe kutoka Brussels hadi Kinshasa utapata kama kilomita 6,200. Uzi unapita juu ya Ufaransa, Bahari ya Mediterania, Algeria, Sahara, halafu misitu ya Kameruni, ndipo unafika mtoni. Ndege ya leo inakwenda kama kilomita 800 kwa saa. Gawanya, utapata saa nane kasoro kidogo. Kwa hiyo simu haikudanganya.

Kabla ya ndege watu walikwenda kwa meli. Kutoka Antwerp hadi Matadi ilikuwa karibu majuma matatu baharini. Kutoka Matadi kwenda juu mto una maporomoko na meli haipiti, hivyo mpaka reli ilipokamilika mwaka 1898 njia ilikuwa miguu, na mizigo ilikuwa juu ya vichwa vya wapagazi. Wapagazi hao ni babu zetu, ingawa katika vitabu hawana majina.

Wakongo nao walisafirishwa kwenda upande wa pili. Mwaka 1897 mfalme Leopold II alifanya maonyesho makubwa Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Wakaletwa Wakongo 267 kwa meli, wakakalishwa katika vijiji vya kuigiza ili Wabelgiji waje kuwatazama. Watu saba kati yao walikufa hukohuko. Hawa, tofauti na wapagazi, majina yao yapo: Ekia, Gemba, Kitoukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren mpaka leo. Nilipowasomea vijana majina hayo, mmoja aliuliza kama hao saba walisharudi. Nikamwambia hapana.

Ndege zilianza Kongo mapema kuliko nilivyodhani. Mwaka 1920 kulikuwa tayari na ndege za majini, zile zinazotua juu ya maji, zikifuata Mto Kongo kutoka Kinshasa kwenda Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani. Mradi huo haukudumu, ulikufa mwaka 1922. Lakini zote zilibaki ndani ya Kongo. Hakuna aliyekuwa amejaribu kuunganisha Brussels na Kongo kwa hewa.

Aliyejaribu alikuwa wakili. Edmond Thieffry alisomea sheria, halafu vita vya kwanza vya dunia vikamfanya rubani. Aliangusha ndege kumi za adui, mwishowe naye akaangushwa na kufungwa Ujerumani. Vita vilipokwisha alirudi kwenye kazi yake ya uwakili, ila nadhani mtu aliyeruka hivyo hawezi tena kukaa na mafaili. Akaanza kuwashawishi wakubwa kwamba inawezekana kuruka hadi Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo.

Tarehe 12 Februari 1925 aliondoka uwanja wa Haren, Brussels, akiwa na rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker. Ndege yao ilikuwa Handley Page ya injini tatu, ya mabawa mawili-mawili, moja juu moja chini, na ilipewa jina la binti wa mfalme, Princesse Marie-José. Hawakuweza kufuata ule uzi ulionyooka. Ndege za wakati ule zilihitaji kutua mara kwa mara, kwa hiyo zilifuata mahali palipo na petroli na watu. Walishuka Ufaransa mpaka Perpignan, wakapita Hispania, wakavuka hadi Oran, wakaingia jangwani kwa Colomb-Béchar, wakatokea Gao na Niamey kwenye Mto Niger, wakaelekea mashariki hadi Fort-Lamy ambayo leo ni N'Djamena, ndipo wakageuka kusini kwa Bangui na kufuata mito. Kilomita 6,200 za uzi zikawa zaidi ya 8,000.

Petroli hiyo, hebu fikiri, nani aliipeleka? Ndege haikuweza kubeba ya kutosha. Mapipa yalipaswa kutangulia, kwa mitumbwi, kwa wanyama, kwa mabega. Na mahali pa kutua palipaswa kufyekwa na kusawazishwa. Viwanja havikujifyeka vyenyewe.

Walitua Léopoldville tarehe 3 Aprili 1925. Siku 51.

Sasa hapa ndipo niliposimama na vijana kwa muda mrefu, na nadhani ni sehemu nzuri kuliko zote. Kwa sababu muda ambao ndege ilikuwa angani umehesabiwa pia: kama saa 75. Tukaandika ubaoni. Siku 51 ukizidisha kwa 24 ni saa 1,224. Toa 75. Zinabaki saa 1,149 za kukaa chini. Yaani katika kila saa mia za safari ile maarufu, sita tu ndizo zilizokuwa za kuruka. Nyingine zote ni kulala, kungoja hali ya hewa itulie, kutengeneza kilichovunjika, kungoja kifaa, kungoja kuche.

Msichana mmoja akasema, "Basi huyo alikuwa msubiriaji, siyo rubani." Neno "msubiriaji" sijaliona katika kamusi, lakini sikumsahihisha.

Ukisoma vitabu vya Wazungu utakuta sifa za zile saa 75. Ushujaa, injini, mawingu. Zile 1,149 hazielezwi sana. Mimi nikiwa mtu wa kambi naona ndizo safari yenyewe. Mtu yeyote anayejua kusubiri hapa kwetu ataelewa Thieffry alivyojisikia asubuhi ya siku ya thelathini, akiwa ameketi kando ya ndege yake katika nchi ya watu, kila kitu kiko tayari isipokuwa kitu kimoja. Tofauti yake na sisi ni kwamba yeye alijua ni kitu gani kinachokosekana.

Alijaribu tena safari hiyo mara mbili, hakufika. Baadaye akarudi Kongo kutafuta njia za ndege za ndani ya koloni, na tarehe 11 Aprili 1929 ndege yake ilianguka katika dhoruba karibu na Ziwa Tanganyika. Akafa hapo. Ziwa hilihili. Wazee wetu wote wanajua dhoruba za ziwa zinavyokuja, upepo unaamka ghafla, maji yanakuwa meusi. Sikutegemea kabisa kwamba hadithi iliyoanza Brussels ingeishia karibu na maji tuliyovuka sisi.

Miaka sita baadaye, tarehe 23 Februari 1935, kampuni ya Sabena ilianzisha safari ya ratiba. Ndege ya kwanza ilikuwa Fokker ya injini tatu, na ubavuni iliandikwa Edmond Thieffry. Ilifika kwa siku tano na nusu. Usiku hawakuruka, walitua wakalala, asubuhi wakaendelea. Kisha zikaja ndege za Kiitaliano za Savoia-Marchetti, safari ikawa siku nne. Vita vya pili vikavuruga, na baada ya vita zikaja ndege kubwa za injini nne, Brussels na Kongo zikawa mbali kwa kama siku moja. Jeti zilipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukawa usiku mmoja tu. Tangu hapo muda haujapungua sana. Mjomba wa yule kijana alitumia karibu saa zilezile ambazo angetumia mtu wa wakati wa baba yake.

Lakini nani alipanda? Wakati wa ukoloni Mkongo alihitaji karatasi hata kuhama wilaya moja kwenda nyingine kwa zaidi ya mwezi. Waliiita pasi ya kuhama. (Wasomaji wetu wa mashirika wanajua kibali cha kutoka kambini. Wazee wanapokiona hawashangai.) Mtu asiyeruhusiwa kutoka wilaya yake, Brussels kwake haikuwa mbali kwa siku tano wala kwa siku moja. Haikuwepo. Watoto wake walitazama juu, wakaona kitu kinachopita na kelele, wakakiita ndeke, kama ndege wa porini.

Halafu ukafika mwaka 1960, na katika miezi kumi na miwili njia za hewa za Kongo zilionyesha kila kitu zinachoweza kufanya.

Januari ya mwaka huo Wabelgiji waliita viongozi wa Kongo Brussels kwa Meza ya Duara, kuzungumzia uhuru. Patrice Lumumba hakuwepo, alikuwa gerezani Jadotville, ambayo sasa ni Likasi. Wenzake wakadai aachiwe. Tarehe 25 Januari alitolewa gerezani, tarehe 26 alikuwa Brussels. Kutoka Élisabethville hadi Brussels ni kama kilomita 7,300. Alishuka akiwa na alama za pingu mikononi. Tarehe 27 ilitangazwa siku ya uhuru: 30 Juni. Nimerudia kusoma tarehe hizo mara nyingi. Jela, ndege, meza, uhuru, vyote katika siku tatu. Hiyo ni safari ambayo hakuna aliyengoja kitu, kwa sababu wenye ndege walitaka afike.

Julai, juma la kwanza baada ya uhuru, wanajeshi waliasi, na Wabelgiji wakakimbia. Wengine walivuka mto kwa feri hadi Brazzaville, wengine wakaenda kusini na mashariki kwa magari. Sabena ilikusanya ndege zake, na kwa majuma kama matatu ikawarudisha nyumbani zaidi ya watu 25,000. Sisemi hofu yao ilikuwa ya uongo. Ilikuwa ya kweli, na mabaya yalitendeka. Nasema tu kwamba walikuwa wakimbizi kwa siku chache, kisha wakawa nyumbani, kwa sababu kulikuwa na nchi iliyotuma ndege. Mama mmoja aliyesikia nikiwasomea vijana sehemu hii alisimama na ndoo yake kichwani, akauliza, "Majuma matatu wote?" Nikasema ndiyo. Akaenda zake.

Na ya tatu ni tarehe 17 Januari 1961. Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipakiwa kwenye ndege Moanda, pwani, wakapelekwa Élisabethville. Ni kama kilomita 1,800. Walipigwa njiani, ndani ya ndege, angani. Walitua jua bado halijazama. Usiku uleule wakauawa. Mwaka haujaisha tangu aliposhuka Brussels na alama za pingu.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Mobutu alijenga uwanja wa ndege kwao Gbadolite, msituni, akawa anakodi Concorde, ndege iliyokuwa na kasi kupita sauti, huku barabara za mkoa wetu zikirudi kuwa vichaka. Sabena yenyewe ilifilisika Novemba 2001, kampuni nyingine ya Kibelgiji ikachukua njia. Na sisi wa mashariki tukaendelea kuwa mbali na Kinshasa kuliko Wabelgiji. Kutoka Kinshasa hadi Bukavu ni kama kilomita 1,500 hewani, lakini hakuna barabara moja ya kuaminika ya kukupeleka. Ndiyo maana vita vilipokuja hatukukimbilia mji mkuu wetu. Tulikimbilia ziwa.

Kutoka Baraka hadi Kigoma, nimepima, ni kama kilomita 105 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya mjomba ingetumia chini ya robo saa. Watu wetu walitumia mtumbwi wa injini, usiku, wamebanana, watoto wamezibwa midomo. Wengine usiku mmoja, wengine siku kadhaa kwa sababu ya upepo au kwa sababu ya kutafuta nauli. Hiyo ndiyo sehemu ya kuruka. Zile saa 1,149 zetu zilianza tulipofika.

Jirani yetu mmoja alifanya mahojiano ya kwenda nchi ya tatu akiwa na mtoto mmoja mgongoni. Akaitwa tena akiwa na watoto watatu. Hatimaye alipewa tarehe ya ndege. Akagawa sufuria, akagawa godoro, akauza kuku, watu wakaja kumuaga na kuimba. Siku mbili kabla, safari ikafutwa. Hakuna aliyemweleza sababu kwa namna ambayo alielewa. Alikuja kwetu kuomba sufuria yake moja, na mama yangu alikuwa ameshaiosha, kama aliyejua. Ukimuuliza jirani huyo kutoka hapa hadi huko ni saa ngapi, atakutajia hesabu ya watoto wake.

Na kuna safari moja zaidi kwenye njia yetu ya Kinshasa na Brussels, nilitaka iwe ya mwisho. Baada ya Lumumba kuuawa, miili iliangamizwa kwa asidi. Polisi mmoja Mbelgiji aliyeshiriki kazi hiyo alibaki na jino. Lilikaa Ubelgiji. Mwaka 2016 vyombo vya sheria vya huko vililichukua, na tarehe 20 Juni 2022, Brussels, lilikabidhiwa kwa watoto wake likiwa ndani ya jeneza. Likapandishwa ndege, likafika Kongo tarehe 22, likapitishwa Sankuru kwao, Kisangani na Katanga, na tarehe 30 Juni likazikwa Kinshasa. Kutoka kifo hadi ndege hiyo ni miaka 61 na miezi mitano.

Jumamosi iliyofuata niliwasimulia vijana haya yote, na mzee alikuwa kwenye kivuli chake. Nilipomaliza nilichora ubaoni jedwali la safu tatu: safari, muda wa njiani, tumeanza kuhesabu lini. Juu kabisa niliandika Thieffry, saa 75, 12 Februari 1925. Kijana wa mjomba akainuka bila kuitwa. Akaandika Baraka hadi Kigoma, usiku mmoja, 2012, mwaka ambao mama yake alimvusha akiwa bado ananyonya. Kwa kuwa hajui tarehe, akaweka mwaka peke yake. Wengine wakapanga foleni nyuma yake mpaka chaki ikabaki kipande.

Mzee akaja wa mwisho. Safu ya kwanza na ya pili aliziacha wazi. Kwenye ya tatu akaandika 1996, taratibu, tarakimu kubwa, kisha akarudisha chaki na kuuliza kama Jumamosi ijayo tutakuwepo.